Muulize Mwalimu wa Zamu: Wageni Wasiosalimiana

*Barua ya kwanza*

Hujambo Mwalimu wa Zamu? Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 4 katika shule moja ya umma hapa Kawangware. Darasa langu lina watoto 61. Nilimaliza digrii ya ualimu miaka mingi iliyopita, na mwaka huu nimejiunga na chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini kwa masomo ya mbali, nisome shahada ya onazi (honours) katika elimu. Nilituma rasimu ya pendekezo la utafiti, mada ikiwa "Changamoto za Utekelezaji wa Mtaala wa Umilisi katika Shule za Msingi Nchini Kenya". Msimamizi amenirudishia kurasa zangu 14 na maneno machache tu. Juu ya mada ameandika "Pana mno". Pembeni mwa mapitio ya maandishi ameandika "Hii ni orodha". Nilisoma makala 26, Mwalimu, nikafupisha kila moja. Sasa mapitio ni nini kama si hayo?

Halafu wakati. Nina mtoto wa miaka mitatu, na mashine yangu ya kusomea ni simu. Usiku nasahihisha madaftari mpaka macho yanaumana. Juzi nilikaribia kulia. Zoezi la ufahamu liliuliza kwa nini Juma alirudi nyumbani akilia, na zaidi ya nusu ya darasa wakajibu: "Juma alirudi nyumbani akilia." Nisaidie kabla sijaacha.

— Mama Mwalimu, Kawangware

*Jibu*

Mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho. Kurasa zako 14 sijaziona, lakini sidhani kama zina sentensi yenye uhai kama hiyo ya Juma. Umekaa usiku na kalamu nyekundu, umechoka, ukaona jambo ambalo mtafiti angesafiri mbali kulitafuta: watoto wanalisoma swali, wananasa neno moja ndani yake, wanalisaka kwenye kifungu, na wakilipata wananakili sentensi nzima na kuweka nukta. Wewe umeliita kosa. Mimi naliita mbinu. Wameivumbua wenyewe, hakuna aliyewafundisha, na kwa maswali mengi ya vitabuni inawapa tiki. Kwa Juma iligonga mwamba kwa sababu jibu halikuandikwa popote. Lilitakiwa kuundwa kutokana na yaliyotangulia.

Mada yako ndiyo hiyo. Uliiandika katika malalamiko ukaiacha nje ya pendekezo.

Niseme kidogo kuhusu neno "changamoto", maana si wewe peke yako. Mada inayoanza na neno hilo huwa imejibiwa kabla ya kuulizwa. Utawapa walimu 20 hojaji, nao watakuandikia: wanafunzi ni wengi, vifaa ni haba, mafunzo yalikuwa ya siku chache, wazazi hawatoi ushirikiano. Ungeweza kuyaandika hayo leo ukiwa jikoni unapika sukuma. Ndugu yake "changamoto" ni "athari". Mapendekezo ya "Athari za Sheng" nimeyasoma hadi nikayaota. Neno "athari" linadai uthibitisho kwamba kitu hiki ndicho kilichosababisha kile, na kumuuliza mwalimu anaonaje si uthibitisho wa hilo. Ni uthibitisho wa anavyoona. Nawe unafundisha Kawangware, ambako mtoto anaamka na lugha ya mama, anacheza kwa Sheng na anasahihishwa kwa Kiswahili sanifu, kwa hiyo kishawishi cha kuitwika Sheng lawama utakutana nacho tu. Usiikubali mapema. Mtoto aliyenakili sentensi ya Juma aliinakili kwa Kiswahili safi kabisa.

Sasa lipunguze swali hadi lienee mkononi. Jaribu hivi: *Wanafunzi wa Gredi ya 4 katika shule moja ya umma Dagoretti hufanya nini wanapojibu maswali ya ufahamu wa Kiswahili ambayo jibu lake halikuandikwa waziwazi katika kifungu?* Kenya haimo, mtaala mzima haumo, neno "athari" halimo. Ila utaweza kulijibu. Chukua watoto 12. Wape kifungu kimoja na maswali sita, matatu yenye jibu lililoandikwa na matatu yenye jibu la kuundwa. Kaa na kila mtoto, mwombe ajibu kwa mdomo na akueleze jibu amelitoa wapi. Utaondoka na majibu 72 na maelezo yake. Ukifikiri ni machache, subiri siku ya kuyanukuu kutoka kwenye rekoda.

Kwa nini Gredi ya 4? Utaulizwa, na jibu unalo. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 sera yetu imekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa ya chini, na mjini lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Kuanzia Gredi ya 4 masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza na Kiswahili kinabaki somo kama masomo mengine. Wewe umesimama mlangoni kabisa pa mgeuko huo.

Nije kwenye orodha.

Digrii niliisoma nikiwa mwalimu wa shule ya msingi Eastlands, kwa ule mpango wa kwenda chuoni likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Jumamosi za muhula nilikuwa nashuka mjini hadi Maktaba ya McMillan, Banda Street, lile jengo la 1931 lenye simba wa mawe mlangoni, nikinakili kwa mkono kwa sababu pesa za kutoa nakala hazikuwepo. Mpiga chapa mmoja wa River Road akanichapia mapitio yenye aya 31. Kila aya ilianza na jina la mtu na mwaka. Fulani alichunguza hiki, akapata kile. Fulani mwingine naye alichunguza. Nilijivunia sana. Msimamizi wangu, mzee wa Pwani asiyepaza sauti, alizipindua kurasa zote polepole kisha akaniuliza: "Mwalimu, umewakaribisha watu 31 nyumbani kwako na wote wameketi. Mbona hawasalimiani?"

Nilikasirika, nakiri. Nilifika kituo cha basi cha Ambassadeur bado naongea peke yangu. Ila usiku ule nilichukua aya mbili zilizokuwa mbalimbali, nikaziweka sako kwa bako, nikaona kwamba watu hao wawili walikuwa wakipingana na mimi, mwenye nyumba, sikuwa na habari.

Nikuonyeshe kwa mfano wa hapa nchini. Kuna tafiti mbili zilizofanywa magharibi mwa Kenya na kundi la wachumi, mmoja wao Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Utafiti mmoja ulihusu chati za kufundishia, mwingine vitabu vya kiada. Mtu wa orodha ataandika hivi:

"Glewwe na wenzake (2004) walichunguza chati za kufundishia katika shule za msingi. Walipata kwamba chati hazikuongeza alama. Glewwe, Kremer na Moulin (2009) walichunguza vitabu vya kiada. Walipata kwamba vitabu havikuongeza wastani wa alama."

Hakuna uongo hapo, wala hakuna mazungumzo. Soma sasa hii:

"Kifaa kuwepo darasani hakumaanishi kwamba mwanafunzi amefaidika nacho. Shule zenye chati zilipolinganishwa na zisizo nazo, chati zilionekana kuinua alama. Shule 178 zilipochukuliwa na nusu yake kupewa chati bila upendeleo, faida hiyo haikuonekana (Glewwe na wenzake, 2004). Vitabu navyo viliwanufaisha waliokuwa tayari wanaongoza darasani, na waandishi wanahusisha hilo na lugha: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu (Glewwe, Kremer na Moulin, 2009). Tafiti zote mbili zinapima alama. Hazituonyeshi mtoto wa kawaida anafanya nini akiwa ameketi mbele ya maandishi yaliyompita kimo."

Vyanzo ni vilevile viwili. Angalia kilichobadilika. Aya inaanza na hoja yako, majina yakasogea hadi kwenye mabano. Utafiti wa chati unaeleza kwa nini majibu mawili yalitofautiana, na sababu ni namna ya kulinganisha: shule iliyojinunulia chati huenda ilikuwa na mengine mazuri pia, kamati inayojituma, wazazi wenye uwezo, mwalimu mkuu mkali. Na sentensi ya mwisho imemfungulia mlango mtoto wako wa Kawangware. Hiyo ya mwisho ndiyo wasomi wanaiita pengo.

Pengo lenyewe halitokani na kwamba "hakuna aliyewahi kutafiti jambo hili Kawangware". Hakuna aliyewahi kutafiti mbuzi wanaopita mbele ya lango la shule yenu pia. Pengo ni mahali ambapo wenzako wamefika wakanyamaza, au wamefika wakabishana, na wewe una kitu cha kuweka mezani.

Rudi basi kwa makala zako 26. Naamini nyingi zinahusu mtaala kwa jumla na hazitakufaa. Ziache, ingawa najua inauma. Chukua daftari kubwa, kauntabuku, ulifungue kurasa mbili kwa pamoja, upige safu sita: nani na lini, aliuliza nini, wapi na kwa watoto wa umri gani, alifanyaje, alipata nini, na safu ya sita, ambayo ndiyo niliyoikosa mimi, anakubaliana au anagombana na nani. Safu hiyo utashindwa kuijaza kwa makala ya kwanza. Kufikia ya nane utakuwa unarudi nyuma kuandika juu na pembeni, na kalamu itakwenda yenyewe. Kompyuta inafanya kazi hiyo pia, na programu ya bure ya Zotero itakutunzia vyanzo, lakini wewe umesema una simu, na daftari halihitaji bando.

Kwa swali lako naona nyuzi tatu, nawe utasuka unavyotaka. Uzi wa kwanza, kuelewa unachosoma ni kitu gani. Anza na Gough na Tunmer wa 1986. Wao walisema kusoma kwa ufahamu ni zao la vitu viwili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Wakasema vinazidishwa, havijumlishwi. Yaani kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mwalimu wa Kiswahili analijua hili mwilini hata kama jina halijui. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anaweza kukusomea ukurasa kwa sauti tamu, bila kukwama, na asijue Juma ni nani. Kisha tafuta waliowapinga au kuwaongezea, maana wapo wengi.

Uzi wa pili ni lugha anazokuja nazo mtoto na sera inayompokea: Gachathi, Mtaala wa Umilisi ulioenea nchini kuanzia Januari 2019 katika madarasa ya chini, na programu ya Tusome iliyopeleka vitabu vya Kiswahili na Kiingereza katika shule za umma kuanzia 2015. Watoto wako huenda walifundishwa kusoma kwa vitabu hivyo. Lakini usikae hapa kurasa tano ukisimulia historia ya elimu tangu Tume ya Ominde ya 1964. Karibu kila pendekezo la Kenya linaanzia kwa Ominde, na karibu kila msimamizi anaruka ukurasa huo.

Uzi wa tatu nadhani ndio utakaokupa raha: maswali yenyewe. Vitabu vyetu vinauliza maswali ya aina gani? Kati ya maswali kumi, ni mangapi yanajibika kwa kunakili? Kabla hata hujasoma makala, chukua kitabu unachofundishia, uhesabu. Ukikuta mengi ni ya kunakilika, utaelewa ile mbinu ya watoto wako ilizaliwa wapi, na huenda ukawa na aya ambayo hakuna makala itakayokupa.

Kutafuta. Google Scholar inatosha kuanzia. ERIC, hazina ya machapisho ya elimu ya Marekani, haina malipo kutafuta, na AJOL inakusanya majarida ya Afrika. Tasnifu za vyuo vikuu vya hapa, Nairobi na Kenyatta, nyingi ziko wazi katika hifadhi zao mtandaoni. Mtego mmoja unawanasa wengi: ukitafuta kwa neno "Grade" hutapata kazi za enzi ya 8-4-4, kwa sababu wakati huo tuliandika "Standard" au "Class". Tafuta kwa yote. Na lugha yetu wengine wanaiandika "Swahili", wengine "Kiswahili". Ukitumia moja utapoteza nusu ya samaki. Ukipata makala moja nzuri, soma orodha yake ya marejeleo kurudi nyuma, kisha bonyeza uone ni nani waliomnukuu baadaye. Makala tatu nzuri zikifuatwa hivyo zitakuzalia mapitio mazima. Ukitaka karatasi na meza, Maktaba Kuu ya Taifa iko upande wa Community, na Jumamosi asubuhi matatu ya 46 haikawii.

Na sasa wakati, uliouandika kana kwamba ni jambo la pembeni. Onazi ya Afrika Kusini ni tofauti na neno hilo linavyoandikwa kwenye vyeti vyetu vya digrii. Kule ni shahada inayojitegemea, ya mwaka mmoja baada ya digrii ya kwanza ukisoma muda wote, ngazi ya 8 katika mfumo wao wa sifa. Ina krediti 120 na angalau 30 kati yake lazima ziwe za utafiti. Krediti moja wanaihesabu kuwa saa 10 za kazi. Kwa hiyo mradi wako una saa 300 hivi. Zigawe kama mshahara. Ningekuwa wewe ningetoa 90 kusoma na kuandika mapitio, 40 pendekezo pamoja na mambo ya maadili na vibali, 50 kukutana na watoto na kunukuu rekodi, 60 kuchambua, 60 kuandika. Ukizitandaza katika majuma 40, Februari hadi Novemba, ni saa saba na nusu kwa juma. Hiyo ni Jumamosi moja nzuri na jioni mbili baada ya mtoto kulala. Si rahisi, sisemi ni rahisi. Lakini saa saba na nusu unaweza kuziona zilipo, na mada yako ya kwanza ingekula saa elfu.

Pima na kalenda ya shule pia. Watoto utawapata vizuri katika muhula wa pili. Muhula wa tatu ni mfupi na una mitihani, kila mtu yuko mbio. Hii ina maana kwamba pendekezo na kibali cha maadili viwe vimekamilika kabla ya Mei au muda mfupi baadaye. Mapitio usiyasubiri yaishe ndipo uanze pendekezo; yaandike pamoja, maana kila makala itakubadilishia swali kidogo. Likibadilika usiogope. Mwambie tu msimamizi, kwa barua fupi, kimebadilika nini na kwa nini.

Jambo la mwisho kwako. Hao watoto 12 usiwatoe darasa lako. Mtoto wako hawezi kukukatalia, wewe ndiye unayeshika rejista. Tumia mkondo mwingine wa Gredi ya 4, na mwenzako atumie wako akitaka siku yake ikifika. Ukisimama mlangoni pa darasa lisilo lako utaona mengi ambayo kwako yalikuwa yameshakuwa kawaida.

Kesho mwandikie msimamizi sentensi tatu tu: nilichoona, ninachouliza, nitawauliza nani. Kurasa 14 zisubiri.

*Barua ya pili*

Mwalimu, msimamizi wangu anataka vyanzo 40 na rafiki yangu wa chuo kingine alipita na 15. Ukweli ni upi? Pia nikiiomba akili unde inipe vyanzo inanipa vizuri sana, tena kwa APA, ule mtindo wa kuandika marejeleo. Kuna ubaya?

— Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Kahawa

*Jibu*

Msimamizi wako akisema 40, ni 40. Rafiki yako hatakutia sahihi. Mimi binafsi ningependa 20 vinavyoongea kuliko 40 vilivyonuna, lakini mimi sitakuwa pale ukitetea kazi.

La pili ni zito zaidi. Miezi kadhaa iliyopita msomaji mmoja alinitumia ukurasa wa marejeleo niupitie. Ulikuwa mzuri kupita kiasi, nukta na mkato kila mahali panapostahili. Nikachukua chanzo kimoja, nikafungua jarida lililotajwa, toleo lililotajwa. Kurasa zilizotajwa zilikuwa na makala ya mtu mwingine, kuhusu jambo jingine. Cha pili, jarida lenyewe halikuwepo. Mashine hizi hutunga chanzo kama mtoto anavyotunga sababu ya kuchelewa, kwa utulivu na kwa undani. Itumie ikupe maneno ya kutafutia, au ikueleze istilahi iliyokukwama. Lakini jina lisiingie kwenye orodha yako kama hujaifungua kazi yenyewe na kuisoma, angalau muhtasari, mbinu na matokeo. Na kile unachonukuu, andika nambari ya ukurasa siku hiyohiyo. Kuna usiku nililala kwenye kiti nikitafuta ukurasa mmoja tu.

Jihadhari pia na majarida yanayokuandikia barua pepe ya kukusifu, yakikuahidi kuchapisha kazi yako kwa siku tatu ukilipa. Ukikuta chanzo kimetoka huko, tafuta kingine.

*Barua ya tatu*

Shikamoo Mwalimu. Nataka kufanya utafiti wa elimu katika shule moja Embakasi, na mwalimu mkuu ni shangazi yangu. Amekubali kwa mdomo. Bado nahitaji kibali?

— Mpwa, Embakasi

*Jibu*

Marahaba. Unahitaji, tena wewe kuliko wengine, kwa sababu siku mtu akilalamika, shangazi ndiye atakayeulizwa.

Kwanza chuo chako kipitishe maadili ya utafiti. Pili, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti kwa mujibu wa sheria ya 2013. Ombi linafanywa mtandaoni, na utaambatisha pendekezo lako na barua ya chuo. Hata anayesoma chuo cha nje ya nchi huipitia, Mama Mwalimu wa Kawangware asikie. Tatu, ukishapata leseni, ripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kabla hujakanyaga shuleni. Shangazi ni wa nne. Wa tano ni wazazi: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla hujachukua taarifa za mtoto. Iandike kwa Kiswahili chepesi, nusu ukurasa, isiwe na neno ambalo mama anayeuza mboga sokoni atalazimika kumuuliza jirani. Kisha muulize mtoto mwenyewe, na akisema hataki, mshukuru umrudishe darasani.

Kila ofisi nenda na nakala mbili za barua. Moja waiache, nyingine waipige muhuri urudi nayo, maana hiyo ndiyo bawabu wa shule atakayotaka kuiona.